Mtakatifu wa Kwenye Mitumba

Mama aliipata picha ile sokoni, kwa jamaa aliyekuwa anatoa mitumba Kasesya, mpakani na Zambia. Enzi hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilipita hapo: jinzi, sabuni, redio, na siku hiyo mzungu wa kike ndani ya fremu ya kioo. Nywele nyekundu mpaka kiunoni, gauni la bluu, macho yanatazama pembeni kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Mkononi ameshika kikombe cha dhahabu kinafuka moshi.

"Mtakatifu," mama akasema, akamfuta vumbi na kanga. "Si unaona kalisi hiyo, kama ya padri?"

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kazi yangu kubwa pale mtaani kwetu Malangali ilikuwa kuwasahihisha watu. Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na karatasi imeiva njano, maneno ya Kiingereza, herufi zenye mikia mirefu. Nikafungua kamusi. Picha ya rangi ya maji, karatasi ilisema, iliyochorwa wakati wa yule malkia wao mwenye mashavu mazito tuliyemsoma kwenye historia, kwenye sura ya kugawana Afrika. Na aliyechorwa ni mwanamke wa hadithi zao za kale. Jina la kazi yake kamusi ilinipa maana mbili: mwanamke mrembo kupita kiasi, mwanamke mchawi.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mji mzima unaitwa Tupa Uchawi, ndiyo maana ya sumba wanga kwa Kifipa, na mama yangu ametoa debe zima la ulezi kuingiza mchawi kutoka nje, kama vile wa hapa wameisha.

Sikumwambia. Si huruma. Nilikuwa naiweka kwa siku nzuri ya kuonyesha kwamba nimesoma.

Tatizo, mama hakuinunua kwa urembo. Mwaka ule mahindi yake ya shamba la Mollo yalisimama wima wakati ya majirani yamenyauka, na mtaani kwetu mahindi mazuri hayasemwi ni mbolea. Hakuna aliyetamka neno. Ila jumuiya, inayosali nyumba kwa nyumba kwa zamu, iliruka zamu yetu mara tatu. Mara zote kwa bahati mbaya. Mama alitaka watu wapige magoti sebuleni kwake, basi. Akaona mtakatifu ukutani atasaidia.

Alhamisi mwenyekiti wa jumuiya akaja, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Mwanamke mwenye macho ya kuhesabu sufuria za watu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, jirani."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, msomi. Nasikia mmepata mtakatifu." Akamsogelea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Mbona hajafunika nywele?"

"Kwao kuna joto," mama akasema.

"Ulaya?"

Mama akammiminia chai.

"Jirani, mimi sina neno. Lakini Jumamosi siwezi kupigisha watu magoti mbele ya mtu tusiyemjua. Unajua watu wanavyosema." Akanigeukia. "Wewe umesomeshwa. Hapo nyuma pameandikwaje?"

Ilikuwa ndiyo siku yangu nzuri. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na maana zake zote mbili. Nikamwangalia mama. Alikuwa ameshika pindo la kanga kwa mikono miwili, kama anakamua maji.

"Kiingereza chake cha zamani," nikasema. "Ni kama... anayetupa uchawi."

"Nani?"

"Huyu. Sumba wanga. Ndiyo kazi yake."

Jirani akarudi nyuma hatua moja, akapiga ishara ya msalaba, tena taratibu kwelikweli. "Kumbe kuna mtakatifu wa kwetu kabisa!" Akaondoka bila hata kumaliza chai.

Nikangoja mama anisifu. Akaingia jikoni, akakoroga unga wa ngano na maji ya moto mpaka ukawa gundi, akaniletea na gazeti.

"Hicho kikaratasi cha nyuma kimechakaa," akasema. "Kizibe vizuri. Na kamusi yako usiiache mezani, inatia watu maneno."

Mama aliishia darasa la nne. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Sasa alijuaje? Labda nilicheka kwa sauti mno siku ile.

Jumamosi walijaa mpaka barazani. Walipiga magoti wote, na mwenyekiti akaomba kwa sauti ya juu kuliko wote, Mungu autoe uchawi kwenye mtaa wetu, huku yuko uso kwa uso na mchawi mwenyewe, naye anatazama pembeni na kikombe chake kinafuka. Niliuma midomo. Mzee mmoja nyuma yangu alidhani nalia, akanipa leso.

Baada ya chai mwenyekiti akamvuta mama kando. "Jirani, si uniazime wiki moja tu? Mollo yangu unaijua ilivyo."

"Hamna shida," mama akasema, anakusanya vikombe. "Akimaliza zamu tatu hapa, atakuja kwako."

Mwenyekiti akasema amina. Nadhani ni mazoea tu.