Bwawa la Muema Lililojaa Mno

Muema wa Riruta alitunza bwawa la samaki huko Karen, nyuma ya jumba la Madam Cate, ambako mbwa walioshwa kwa shampuu na wafanyakazi walijiosha kwa bahati. Madam alitaka tilapia wa kujaza sahani kwenye mkahawa wake.

"Ukiniletea wa kujaza kiganja, Muema, nafukia hilo shimo napanda nyasi."

Nyasi haihitaji mtu wa kulisha samaki, na Muema hakuwa na kazi nyingine.

Were, aliyemuuzia vifaranga vya samaki, alimweleza mambo yalivyo. "Mbegu ni safi, mzee. Jeni za ukubwa zimo ndani. Lakini jeni ni kama ahadi za mheshimiwa, lazima atokee wa kuzitimiza. Jike chakula chote anapeleka kwa mayai. Dume ananenepa. Sasa hawa, wakianza tu kula, wape hiki chakula chenye homoni kwa wiki chache. Wote watakuwa madume."

"Hata wale wasichana?"

"Hao ndio hasa!"

Muema alikipokea kile chakula, akakifungia stoo, akawapa vifaranga pumba. Kisa ni mkewe, Ndunge. Alidungwa homoni miaka nenda rudi kwenye kliniki moja mjini, akavimba, akawa analilia hata tangazo la sabuni. Mtoto hakuja. Siku moja Muema akasema basi, tumeacha. Na moyoni akaapa kwamba dawa hizo hazitaingia tena kwa kiumbe yeyote anayelishwa naye.

Samaki nao hawakungoja baraka za mchungaji. Kabla hawajatosha kiganja, majike walishabeba mayai mdomoni, wamefunga kula kama walokole kwenye mkesha. Dada akazaa na kaka, watoto wao vilevile, bila posa wala aibu. Chakula kilikuwa kilekile, midomo haihesabiki, na hakuna aliyekua.

Madam akainua wavu. "Hizi nauza kama samaki ama kama hereni?"

"Ni tilapia, Madam."

"Ni msiba, Muema."

Lori la udongo likaja. Samaki hawakutolewa.

Jioni, Ndunge alikuwa anachambua ndengu. Muema akamweleza yote, hata kile chakula cha stoo. Nadhani alitarajia kukumbatiwa.

"Uliwanyima kwa sababu yangu?"

"Niliona vile zilikutesa."

"Na nani alikuambia nimechoka?" Hakupaza sauti. "Ni wewe ulisema tuache. Mimi ningedungwa hata kesho yake, na kesho kutwa. Hukuniuliza, Muema."

Sasa umri wa kuzaa ulikuwa umekwisha kupita, wote wawili walijua.

Ndunge akarudia ndengu zake, akawa anatupa nzuri pamoja na mawe.