Anayeongea Ndiye Kulwa

Bibi Kashindye wa Bukene alikuwa na njia moja tu ya kuwatofautisha pacha wake, na kwa zaidi ya miaka hamsini haikumwangusha. Anayeongea ndiye Kulwa. Anayenyamaza ndiye Doto. Utotoni walifanana mno, hata siku ya chanjo Kulwa alichomwa sindano mara mbili na Doto akarudi nyumbani hajaguswa. Baadaye mtoto wa jicho alipomfunika mama macho yote mawili, njia ile ndiyo ikawa tegemeo lake. Akisikia hatua mlangoni, alitulia. Zikifuata kelele za salamu ya Kinyamwezi kwa mama, "Mwangaluka, mayu! Hawa wakwe zako wamekulisha au wamekufungisha?" alijua ni Kulwa. Kikivutwa kigoda na mtu akanong'ona shikamoo kama anayeiba, alisema, "Marahaba, Doto. Karibu, baba."

Si kwamba Doto alizaliwa hivyo. Shuleni yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha kukariri, na siku ya kuwaaga darasa la saba mwalimu alimpa shairi alisome mbele ya mgeni wa heshima. Alisimama, akayaona yale macho yote, na maneno yakamtoka kichwani. Kilichotoka ni mkojo, ukalowesha kaptura ya kaki mbele ya wilaya nzima. Watoto walicheka, hilo tunawasamehe. Mgeni wa heshima naye alicheka, na heshima yake sijui aliiacha kwenye gari. Kulwa alipanda jukwaani, akamsogeza ndugu yake kwa bega, akalisoma shairi lote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa amelisikia kitandani kila usiku. Watu wakapiga makofi, na Doto akajifunza siku ile kwamba mtu anaweza kuishi bila kufungua mdomo, mradi ana pacha.

Wakaishi hivyo. Kulwa akawa dalali wa ng'ombe, akinadi katika minada ya Nzega, Puge na kwingine, kwa sauti iliyomfikia mnunuzi hata akiwa bado njiani. Doto akawa fundi baiskeli karibu na stesheni ya Bukene. Spoki hazimwulizi mtu jambo, na tairi likivuja linajieleza lenyewe. Kwenye kikao cha wakulima Kulwa alinyoosha mkono akasema, "Mimi na Doto tunaona hivi." Kwenye harusi ya Doto aliyetoa neno la shukrani ni Kulwa. Ile "ndiyo" ya kanisani Doto aliitamka mwenyewe, ingawa ni Elieth tu, bibi harusi, anayeapa kwamba aliisikia. Watu walimtania kwamba mdomo wake ni wa kuazima. Wanyamwezi wa zamani walibeba mizigo ya watu wengine kwa miguu mpaka pwani, na Kulwa naye aliubeba wa ndugu yake bila kuutua.

Kisha figo za Kulwa zikachoka. Walimlaza Tabora mjini, na Doto akawa anamfuata kila wiki, anakaa pembeni ya kitanda, kimya chake kile kile. Siku moja Kulwa, uso umevimba, alimshika mkono.

"Doto, nimekuongelea maisha yangu yote. Sijachoka, usinielewe vibaya. Ila kuna siku moja sitaweza."

"Usiseme hivyo."

"Siku hiyo neno la familia utalitoa wewe. Nitakuwa nimelala, sitaweza kupanda kukusogeza." Akacheka, kikohozi kikamkata. "Usiwaachie wale wajomba wanaopenda maiki. Watanisifia mpaka jua lizame, na hawanijui. Niahidi."

Doto alitikisa kichwa kukubali.

"Niahidi kwa mdomo."

"Nakuahidi," alisema Doto, na machozi yakamdondoka.

Akaanza kujifunza. Alijua kwamba mbele ya watu asingeweza, na peke yake porini aliogopa mwangwi. Akaona dawa yake ni treni. Treni ya mizigo ilipokaribia, aliacha baiskeli ya mteja miguu juu, akazunguka nyuma ya ghala la stesheni, akasimama karibu na reli. Mabehewa yakianza kupita kwa kishindo kile kinachotikisa ardhi, Doto alipaza sauti kwa nguvu zake zote: "Tumsifu Yesu Kristo! Ndugu waombolezaji! Mimi ni Doto!" Hakuna aliyemsikia, hata yeye mwenyewe hakujisikia. Behewa la mwisho likipita, alifunga mdomo.

Ilimuumiza sana kazi ile. Ndugu yake yu hai, anakunywa uji hospitalini, na yeye huku anamuaga. Alijiona kama mtu anayechimba kaburi la mgonjwa huku mgonjwa anamtazama. Jioni alikuwa hali chakula, na Elieth alidhani ni homa.

Kulwa alifariki alfajiri, akaletwa Bukene kuzikwa. Watu walijaa uwanja mzima, wachungaji wa ng'ombe na wachuuzi wa minadani, mpaka turubai likaonekana dogo kama kitambaa. Bibi Kashindye aliketishwa kwenye mkeka karibu na jeneza. Alikuwa amelia siku mbili mpaka sauti ikakauka, na sasa alikuwa anasinzia na kuamka, kiganja chake juu ya mbao.

Katekista Anton aliendesha shughuli. Alipofika kwenye neno la familia akatazama upande wa wajomba, na mjomba mmoja alikuwa tayari ameshaanza kujikohoza. Doto akasimama. Minong'ono ikapita. Anton alimpa kipaza sauti taratibu kama mtu anayempa mtoto kisu.

Doto aliyaona macho, yale yale ya darasa la saba, yameongezeka tu. Akasikiliza kama kuna treni. Haikuwepo. Basi akafumba macho, akapaza sauti kama alivyozoea kwenye reli.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Uwanja mzima ulishtuka. Mtu mmoja aliangusha kikombe. Katika spika zile ilitoka sauti ya Kulwa, ya mnadani, pana na yenye mikwaruzo kidogo mwishoni. Hakuna aliyewahi kujua kwamba Doto anayo, maana hakuwahi kuitoa. Ilichukua muda kabla watu hawajakumbuka kuitikia, "Milele amina."

"Ndugu waombolezaji," Doto akaendelea, machozi yakimchuruzika, "huyu ndugu yangu alinibeba..."

Hapo mama yake akainua kichwa.

"Kulwa?" aliita. Akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka, na uso ule uling'aa, kila mtu aliuona. "Kulwa mwanangu! Walinidanganya. Walisema umekufa." Kisha mkono wake ukakumbuka jeneza. Akalipapasa polepole, na mng'ao ukamtoka. "Kumbe aliyelala ni Doto. Masikini Doto wangu, hakuwahi hata kusema neno. Ameondoka kimya kimya."

Wanawake wakaangua kilio. Wajomba, wasemaji wakubwa wale, wakainamisha vichwa. Doto alisimama na kipaza sauti mkononi. Maneno ya kwenye reli alikuwa nayo yote, lakini hili hakulifanyia mazoezi. Akinyamaza, mama atamzika mtoto aliye hai. Akisema, atamuua Kulwa mara ya pili, kwa sauti ya Kulwa mwenyewe.

Akakiweka kipaza sauti chini. Akaenda, akapiga magoti kwenye mkeka, na mbele ya watu wote wale akasema wazi wazi:

"Mayu, mimi ni Doto. Tunayemzika ni Kulwa."

"Doto haongei," alisema mama.

"Ameanza leo, mayu."

Mama alimshika viganja, akavipapasa, akakuta sugu za spana na grisi isiyotoka kuchani. Akaelewa. Kilio alichokitoa hapo watu wa Bukene hawataki kukikumbuka. Doto alimkumbatia mpaka kikapungua, kisha akarudi kwenye kipaza sauti na kumaliza neno la familia, lote, bila kusita. Alikuwa ameahidi.

Sasa watu humwita kusema kwenye vikao na misiba, naye huenda. Lakini kwa mama yake alirudia kimya chake. Kila alipoongea pale uani aliuona uso ule ukianza kung'aa kisha ukazimika, na hakuweza kuustahimili. Akawa anavuta kigoda na kunong'ona shikamoo kama zamani.

Jioni moja mama akasema, "Doto, ongea kidogo."

"Niseme nini, mayu?"

"Chochote. Nimemkumbuka mwenzako. Sema kwa nguvu."

Alitazama lango, hakuna mtu. Akasimama.

"Haya wazee, haya vijana! Dume hili la Puge, mtazameni nundu! Nani anaongeza?"

Bibi Kashindye alifumba macho, akatabasamu, machozi yakitiririka. Alipomsikia ananyamaza, akampungia mkono aendelee. Doto akanadi ng'ombe wasiokuwepo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mama yake akapata usingizi.