Choya Kwenye Kioo

Ukitaka kumkasirisha shemeji yangu Masalu, mwambie kitambaa chake kimechuja. Mimi nimemwambia hivyo mara nyingi, tena kwa makusudi, maana shemeji ni wa kutaniwa, na kila mara aliacha kazi yake akaja kukikagua kitambaa chenyewe juani. Alikuwa fundi wa rangi katika kiwanda cha nguo hapa Mwanza. Khanga aliyompa dada yangu Dorcas walipooana aliitia rangi mwenyewe, na mpaka leo wekundu wake unaumiza macho.

Kiwanda kilipofungwa, mitumba ikiwa imejaa kila kona, wenzake wengine walikwenda kwenye viwanda vya minofu ya samaki, wengine wakafungua vibanda. Masalu alibaki nyuma ya nyumba yake, Igoma, juu ya jiwe kubwa, akichemsha maua na magome. Wateja wake walikuwa wasusi wa mikeka, nao wa kubahatisha. Mimi nilikuwa nashona barazani pake, kwa hiyo nilimwona kila siku, na sikumficha kwamba naona anapoteza muda. Siku moja akaniuliza, "Shemeji, jua likiila rangi, linaipeleka wapi?"

Nikamwambia akaliulize jua.

Mwalimu Maige hakucheka. Alikuwa kijana anayefundisha sayansi sekondari, amekuja kupunguziwa suruali. Alisikia swali lile, akamwamkia Masalu shikamoo, akaketi naye juu ya jiwe. Akaeleza kwamba huko Ulaya watu wamegundua namna ya kupata umeme kwa rangi. Unapaka kioo unga mweupe, ule unaotiwa kwenye rangi za ukuta, unauoka mpaka ushike, kisha unaunywesha rangi. Mwanga ukiipiga rangi, rangi inaupokea na kuupa ule unga umeme. Wao walitumia rangi za maabara, lakini hata ya mmea inaweza.

"Kinachotafutwa ni rangi inayojua kunywa mwanga," alisema. "Ila kioo chake si hiki cha dirishani, ni cha kupitisha umeme. Ninacho jozi moja tu, nimepewa na rafiki yangu wa chuo, na unga niliooka juu yake ndio wa mwisho."

Nilimtazama shemeji. Tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimeuona uso ule. Miaka yote alipigana na jua lisiguse rangi zake, na sasa mtu anamwomba rangi ya kulikaribisha.

Dada yangu hakuwa na habari na hayo. "Baba Mhoja," alimwambia mumewe, "shamba la Misungwi linaota magugu. Vuli ikianza, tuko huko au hatuko?"

"Sindano ya mita ya mwalimu, ile ya kupimia umeme, ikigoma, nakwenda kulima. Na rangi sitaigusa tena."

Dada akaitikia amina. Mimi, ambaye nilikuwa nimemcheka muda wote ule, nilishindwa kuitikia. Masalu bila rangi angekuwa nani?

Alichagua choya, yale maua mekundu tunayotengenezea juisi. Wekundu wa choya hufifia juani upesi kuliko rangi zote alizozijua, na kiwandani usingepita hata getini. "Huu ndio unaopokea," alisema. Akauchemsha, akauchuja, akakichovya kioo. Akakikausha, akakichovya tena, na tena, mpaka ule unga ukawa mweusi kama zambarau iliyoiva. Hivyo ndivyo alivyofundishwa: rangi haitiwi mara moja. Mazoea yana taabu.

Maige alidondoshea aidini kidogo, akafunika kwa kioo cha pili kilichopakwa masizi ya mshumaa, akabana, akaunganisha nyaya. Jua lilikuwa kali, jiwe linachoma nyayo. Sindano haikusogea. Dada alitazama, akarudi jikoni kusonga ugali.

Maige aliinama muda mrefu. "Mzee, nadhani rangi imezidi. Ile iliyogusa unga ndiyo inayofanya kazi. Iliyolala juu yake inakula mwanga bure, haina pa kuupeleka. Tuioshe kwa spiriti."

"Rangi inayooshwa ikatoka ni aibu ya fundi," Masalu akasema.

"Inaweza kutoka yote. Sikudanganyi."

Hata hivyo akaipokea chupa. Hakumwachia mwalimu. Akamimina mwenyewe, kidogo kidogo, na wekundu ukatiririka juu ya jiwe kama kazi ya mwanafunzi mzembe. Nilitaka kumtania, nikajikuta namshikia kizibo cha chupa. Kilichobaki kwenye kioo kilikuwa rangi hafifu ya waridi, ya khanga iliyofuliwa mpaka imechoka.

Wakakifunga upya. Sindano ikainuka. Si sana, lakini iliinuka ikakaa.

Nilipiga kelele, dada akatoka mbio na mwiko mkononi. Akatazama. Akakiziba kioo kwa kiganja, sindano ikalala. Akaondoa kiganja, ikainuka. Akaziba tena. Alifanya hivyo hadi ugali ukatuungulia, na Masalu akasimama pembeni akimtazama mkewe, si sindano.

Vuli ilipoanza walihamia Misungwi, maana sindano hailishi watoto, na ile choya yenyewe jua liliimaliza baada ya siku chache. Maige aliahidi kutafuta vioo vingine. Niliumia, nikajua shemeji amekwenda kuzikwa kwenye mahindi.

Mvua zilipokolea nikaenda kuwasalimia. Mahindi yalikuwa magotini. Lakini karibu na mlango, kwenye udongo mzuri kuliko wote, palikuwa na matuta ya miche yenye mashina mekundu. Choya. Nikamuuliza Masalu kama kilimo kimemshinda mpaka anapanda maua mahali pa chakula.

"Sikupanda mimi," alisema. "Muulize dada yako."