Tairi za Kwenda na Kurudi

Mwaka ule mashimo ya dhahabu yalipoanza kutema mali ng'ambo ya Mto Mara, vijana wa Kenyamonta tulipatwa na ugonjwa wa kuaga. Huyu anaaga anakwenda kumwona shangazi, yule anakwenda mnadani, na wote unawakuta kwenye maduara ya machimbo, vumbi hadi kwenye kope, wakisubiri zamu ya kushuka shimoni. Mimi niliaga kistaarabu zaidi. Nilikuwa fundi wa sola, kwa hiyo niliaga kwamba nakwenda kufunga sola Ikoma.

Baiskeli ya umeme niliipata Robanda. Mjomba wangu alikuwa mpishi kwenye kambi moja ya watalii, na kambi ilikuwa inauza vitu vyake vya zamani: mahema, viti, na baiskeli hiyo ambayo wageni waliigomea tangu ilipokutana na nyati. Betri ilikuwa nzima na mota inanong'ona tu. Ila tairi zilikuwa vipara kabisa, zinang'aa kuliko kichwa cha mjomba mwenyewe.

Nikaenda Tarime kwa fundi mmoja mzee, mwenye asili ya pwani lakini aliyezaliwa papo hapo mjini, kofia nyeupe ya kufuma kichwani na grisi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapita wapi na wapi?"

Nikamweleza: lami kidogo, kisha changarawe, kisha njia ya ng'ombe.

"Sasa hiyo ni safari au ni kifungo?" akauliza, na akatungua tairi tatu ukutani.

Ya kwanza ilikuwa laini. "Hii itakupeleka kama waziri," alisema, "mpaka tone la kwanza la mvua. Hapo utalala chali mbele za watu." Ya pili ilikuwa na meno makubwa kama ya trekta. "Hii haitelezi. Lakini kwenye lami inanguruma na inakula chaji. Utaipanda nusu ya njia, nusu iliyobaki utaisukuma, na baiskeli yenye betri haisukumwi kwa kuimba." Ya tatu aliishika kwa adabu. Katikati ilikuwa na mkanda laini kwa ajili ya lami, pembeni ina meno ya kushika tope, na mbavu zake nene kwa ajili ya miiba. Michoro yake ilikutana katikati ikafanya ncha, kama kichwa cha mshale.

"Ifungwe hivi, ncha zielekee mbele. Kwenye lami ijaze upepo iwe ngumu. Ukiingia njia ya ng'ombe punguza kidogo, ikanyage vizuri. Nimeleta mbili tu. Wilaya nzima utakuwa nazo wewe peke yako."

Nilizichukua hapo hapo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifurahisha zaidi, na ndiyo niliyopaswa kuyaogopa. Maana nimekulia machungani. Kwetu mtoto anajua kusoma kwato kabla ya kusoma herufi. Ng'ombe wakiibwa, wazee wanafuata nyayo bonde kwa bonde, na njiani wanakwambia yupi anachechemea na yupi ana mimba. Katika wasomaji wote hao, anayeogopwa kuliko wote ni baba yangu. Na mimi, mwanawe wa kumzaa, nikaenda mjini nikachagua tairi ambazo hakuna mwingine anazo. Akili ninazo, ila siku hiyo nilikuwa nimezisahau Robanda.

Baba alikuwa na sharti moja. Kaka yangu mkubwa alifukiwa na kifusi katika maduara hayo hayo, na tangu siku hiyo baba aliniambia: ng'ombe wa mahari atanitolea, lakini mguu wangu usishuke shimoni. Ukishuka, nitafute mahari yangu mwenyewe. Binti niliyetaka kumwoa nilimpenda sana, niseme wazi. Na bado nilishuka. Dhahabu ikikuita, inakuita kwa sauti ya mtu unayemfahamu.

Nilikuwa nimepanga chumba senta, kule madukani, na boma la baba liko kandokando ya barabara kuu. Ili asinione nilipita njia ya ng'ombe, chini ya boma lake. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu na ina miiba.

Jumapili nilikwenda kumsalimu, kama mtoto mwema kabisa.

"Mura, kijana wangu," aliniuliza, "Ikoma siku hizi iko wapi?"

"Iko kule kule, tata."

"Haa. Nilidhani imehamia mtoni."

Nikacheka. Nilidhani mzee anazeeka.

Ikaja siku ya mvua kubwa huko vilimani, kwetu manyunyu tu. Asubuhi nilikuwa nimepita njia ya ng'ombe kama kawaida, lakini jioni kijito kilifurika, nikarudi kwa kuzunguka barabara kuu, nimejifunika koti hadi puani. Nikalala. Kesho yake sijanywa hata chai, dereva mmoja wa bodaboda akagonga mlango.

"Wewe uko hapa? Mzee wako yuko maduarani tangu alfajiri. Anazunguka kila shimo anaita jina lako."

Baba alikuwa na simu, ila aliiwasha siku za mnada tu. Nikapanda baiskeli, na safari hii sikumficha mtu uso. Nilimkuta amesimama kwenye mdomo wa duara, tope hadi magotini, fimbo mkononi, sauti imekauka. Wachimbaji walikuwa wamesimamisha kazi. Nilijua ng'ombe wangu wamekwisha, na binti naye.

Baba hakunitukana. Aliinama, akapitisha kidole kwenye michoro ya tairi, polepole.

"Ni hizi," alisema. "Zina ncha. Ncha ikielekea mtoni, umekwenda. Ikielekea nyumbani, umerudi."

"Tata, nisamehe. Ulijua siku zote?"

"Nyayo za kwenda sikuwa na shida nazo. Kwenda kila mjinga anajua. Mimi kila asubuhi nilishuka kuangalia za kurudi." Akafuta tope kwenye ncha moja kwa kidole gumba. "Kaka yako alivaa katambuga, viatu vya tairi. Za kwenda niliziona, zinapita pale pale. Leo nimeona zako za kwenda tu."

Nililia mbele ya wachimbaji wote, na hakuna aliyenicheka.

Sikushuka tena shimoni. Ng'ombe baba alinitolea, ingawa ndani yao alimchanganya dume mmoja mkorofi aliyewahi kumtoboa jirani suruali, na wakwe zangu wananikumbusha mpaka leo.

Juzi tairi ziliisha, nikarudi Tarime. Fundi alinishauri nichukue laini, maana lami sasa inapita mlangoni kwa baba yangu, na njia ya ng'ombe hana haja nayo mtu mwenye akili. Nikamwambia anipe zile zile, na ncha zielekee mbele. Bado napita njia ya ng'ombe: baba anaamka mapema, na lami haishiki nyayo.