Kiziwi wa Njia Panda

Genoveva alipoambiwa akapumzike alikuwa bado hajachoka.

Alikuwa opereta wa simu pale Lindi mjini tangu usichana wake. Aliteremka kutoka kwao, uwanda wa juu wa Wamakonde, akaketishwa mbele ya swichibodi, akavishwa hedifoni, na ujana wake wote ukapita akiwaunganisha watu asiowajua na habari zao za misiba, harusi na bei za korosho. Kisha ukaja wakati wa kupunguza watu. Mashirika ya umma yalikuwa yanajipunguza kila mahali, na mtambo mpya ulioletwa haukuhitaji opereta. Mkuu wa kituo akawakusanya, akasoma majina. Wenzake wengine walilia. Genoveva aliuliza swali.

"Na sikio langu je?"

"Sikio gani?"

"La kushoto. Nilikuja hapa likiwa zima, sasa linachemka kutwa kucha kama mafuta kwenye karai. Hedifoni zenu zilikuwa zikipiga ukelele ghafla, tukisema, mnatuambia tuzoee. Basi nimezoea. Nani ananilipa sikio?"

Mkuu alikohoa. "Mama, masikio huzeeka. Kapumzike nyumbani."

"Nitapumzika nikizikwa," alisema Genoveva, akatoka bila kuaga.

Ndugu zake wa Mtama walimwita akalime. Hakwenda. Alihamia Mingoyo, pale njia ya Mtwara inapoachana na ile ya bara, akapanga kibanda sokoni, kando ya stendi ya mabasi, akaanza kazi ya kunakili kanda. Serikali ilikuwa imefungulia bidhaa za nje, redio kaseti zilikuwa zinaingia kwa wingi, na kila aliyekuwa na redio alitaka kanda ya kuitia: kwaya, taarabu, ngoma za jando, hotuba za mashehe.

Kitu kimoja kilimtofautisha na wanakili kanda wengine. Siku zake za mwisho kazini alikuwa amemhangaikia fundi wa sauti, mgeni aliyekuja kurekodi ngoma za huko Rondo, akamtafutia simu ya mbali mpaka ikapatikana. Fundi yule, alipokuwa anaondoka, alimwachia visikilizi vyake vya masikioni. Havikuwa vya kuvaa kichwani. Vilikuwa vidogo kama punje za korosho, vyenye vifuniko laini vya mpira, na viliingia ndani ya tundu la sikio vikaliziba. Genoveva alipovitia mara ya kwanza, kanda ya ngoma ikizunguka, hata kabla ya mdundo, alisikia kiganja cha mpiga ngoma kikipapasa ngozi. Alishtuka, akageuka nyuma kuangalia nani yupo.

Ndani ya kikopo cha kuvitunzia mlikuwa na karatasi ya vipimo, na kabla ya kuondoka yule fundi alimweleza yote. Hezi zinaonyesha sauti nzito kabisa na nyembamba kabisa ambazo chombo kinaweza kutoa, na binadamu mwenye masikio mazima hasikii zaidi ya elfu ishirini. Omu zinaonyesha ukinzani: vyenye omu chache huendeshwa hata na redio ndogo ya betri, vyenye nyingi vinataka mashine yenye nguvu. Desibeli zinasema kwa nguvu kidogo tu chombo kitapaza sauti kiasi gani.

"Hapa kwenye desibeli ndipo watu wanapoumia," fundi alimwambia.

"Nishaumia," Genoveva alimjibu. "Endelea."

Alivitunza visikilizi vile kuliko macho yake. Kila jioni alifuta nta kwenye vifuniko vya mpira, akavichomoa na kuviosha kwa maji ya sabuni, na kichujio kidogo cha waya kilicho mdomoni mwa kila kimoja alikisugua kwa mswaki laini mkavu, kimeelekezwa chini ili uchafu uanguke nje. Hakupuliza hata siku moja, maana pumzi ina maji. Waya aliukunja kwa duara pana, hakuuviringisha kwenye mashine, na alipouchomoa alishika plagi yenyewe. Kwa sababu ya hewa ya chumvi, alikusanya kwa wauza viatu vile vipakiti vya chembechembe vinavyofyonza unyevu, akavilaza pamoja na visikilizi ndani ya kikopo. Na kwa kuwa sikio lake la kushoto lilikuwa bovu, alipotaka kukagua kanda alisikiliza upande mmoja kwa sikio la kulia, kisha akahamisha, akasikiliza upande wa pili kwa sikio lilelile. Kazi ikawa mara mbili. Aliifanya.

Ndipo akaja Pazi. Huyu alikuwa mfanyabiashara kijana, mcheshi, aliyeleta mzigo wa visikilizi vya bei poa. Boksi lilikuwa na picha ya radi, na maandishi kwamba vinafika hezi elfu hamsini. Alimtaka Genoveva amuuzie.

"Dada, kibanda chako kinajulikana. Chukua mzigo, tugawane faida."

Genoveva alivivaa. Vilikaa nje ya tundu, vikalegea. Sauti nzito hakuna, kelele za stendi zote zinaingia, na ili mtu asikie wimbo ni lazima apandishe sauti mpaka mwisho. Alivivua upesi.

"Elfu hamsini wanasikia popo," alisema. "Hivi vitawafanya vijana waongeze sauti mpaka masikio yao yachemke kama langu. Sichukui."

"Si wanapenda wenyewe?"

"Na mimi nitawaambia mwenyewe."

Akawaambia kweli. Kila kijana aliyepita amevivaa alimsimamisha, akamvua kimoja, akakitega mbali na sikio. "Mimi niliyesimama hapa nausikia wimbo wako. Je, wewe uliyeutia ndani?" Makondakta walimcheka. Pazi naye hakunyamaza. Alizungusha neno sokoni kwamba yule mama ni kiziwi, tena ana wivu. Jina likashika. Watu walipita mbele ya kibanda wakiita, "Kiziwi, hujambo?" Naye aliitika kwa sauti kubwa, "Sijambo, na nimekusikia!"

Mwishowe mwenyekiti wa soko, Mzee Likwata, alimwita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nasikia unaharibu biashara ya mwenzio."

"Nasema ninachokijua."

"Soko ni la wote. Ama uache kuzisema bidhaa za watu, ama uache kibanda."

Genoveva alimtazama mzee wa watu, mtu aliyemheshimu. Kibanda kile ndicho kilichokuwa kinamlisha.

"Kibanda ni cha soko, mzee. Mdomo ni wangu."

Kesho yake akakuta kufuli. Hakulia, hakwenda Mtama. Alibeba mashine yake, meza na kikopo, akavuka barabara mpaka kwa Consolata, fundi cherehani, mwanamke asiyeogopa mtu.

"Baraza yangu ni pana," Consolata alisema. "Ila ukipiga kelele nitakuzidi kwa cherehani."

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Wateja walikuwa wanamwogopa Likwata. Genoveva alikaa palepale, anaonekana na soko zima, akisafisha bure visikilizi vya yeyote aliyeleta, hata vile vya Pazi, na kila aliyesafishiwa alisikilizishwa somo la desibeli, apende asipende. Wengine walirudi kwa usafi, wengine kwa somo. Kondakta mmoja, Deo, aliyekuwa wa kwanza kumcheka, alikuja asubuhi moja na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba sikio lake limeanza kulia usiku.

"Pumzisha. Usivae chochote," Genoveva alimwambia, wala hakumkumbusha kitu. "Nenda hospitali leo, usingoje kama mimi."

Habari ya Deo ilitembea stendi yote. Mzee Likwata akavuka barabara mwenyewe.

"Kibanda kimefunguliwa, binti yangu. Mwombe Pazi radhi tu, yaishe."

"Kwa kosa gani, mzee?"

Genoveva alimpa kiti, akamkaribisha chai, wakazungumza habari za mvua. Kibandani hakurudi tena.

Pazi hakufilisika, watu wa aina yake hawafilisiki upesi. Lakini baada ya mwaka hivi alikuja barazani na mzigo mwingine, visikilizi vyenye mpira wa kuziba tundu, akaviweka mezani bila maneno mengi. Genoveva alisoma vipimo, akasikiliza kwa sikio la kulia, upande huu, kisha upande ule, huku Pazi amesimama juani.

"Hivi vinafaa," alisema hatimaye. "Nitaviuza. Vile vya kwanza vilikuwa takataka, na bado nitasema."

"Dada, wewe hutaacha?"

"Ndiyo kwanza naanza," Genoveva alimjibu, akavuta kiti. "Kaa. Nikuonyeshe jinsi vinavyosafishwa, uwaonyeshe wateja wako."

Pazi akatazama huku na huku kama kuna anayemwona, kisha akakaa.