Burulkan na Jicho la Zizini

Theluji inadondoka taratibu juu ya paa la zizi, na Burulkan Asanbekova amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipangusa kamera kwa pembe ya kitambaa chake cha kichwani. Kamera yenyewe haizidi kiganja cha mtoto. Imefungwa kwenye boriti kwa kamba ya manyoya ya mbuzi, na waya wake unapita kwenye tundu la ukuta hadi chumba cha pili, anakolala yeye.

Chini yake kondoo wanatafuna majani makavu. Mmoja anakohoa.

"Umeanza tena wewe," anamwambia. "Kohoa ukitazama kule, usinichafulie kioo."

Hana mwingine wa kuongea naye. Burulkan ana miaka hamsini na saba, na huchunga kondoo wa watu pamoja na wake wachache katika kambi ya majira ya baridi juu ya At-Bashy, nchini Kirgizia. Theluji ikiwa nzito, jirani wa karibu ni mwendo wa nusu siku kwa farasi. Mumewe, Kachkyn, alifariki miaka minne iliyopita. Binti yake wa pekee, Begaiym, anafunga mizigo kwenye ghala huko Yekaterinburg, Urusi.

Kwa kila kondoo wa watu hulipwa som mia moja na hamsini kwa mwezi. Mwaka jana sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia kwenye fidia. Homa ilimlaza wakati wa kuzaa, na wanakondoo saba waliganda juu ya samadi kabla hajaamka.

"Zamani tulikuwa macho manne," anasema. "Kachkyn akilala, mimi zizini. Mimi nikilala, yeye zizini. Sasa yamebaki mawili, nayo yamechoka."

Begaiym aliposikia, hakuzunguka. "Mama, uza, uje huku. Nina kitanda, nina jiko. Unamlinda nani huko?"

"Nije nikae dirishani nihesabu magari?" mama akamjibu.

Walibishana vuli nzima, hadi wakapatana hivi: Begaiym atatuma kamera, na mama ataiunganisha na kompyuta ndogo kuukuu iliyoachwa na Kachkyn. Ikiwa kabla ya kondoo kuanza kuzaa kamera itakuwa inaonyesha zizi, na kompyuta inalia picha ikibadilika, Burulkan atabaki. La sivyo, mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Turat atakuja na lori, anunue kondoo wa Burulkan na kuwarudisha wa watu kwa wenyewe.

Programu za kununua zilitaka mtandao usiokatika, na pale kambini mtandao haufiki kabisa. Kwa hiyo ilibidi waandike yao. Begaiym alikuwa anajifunza kuandika programu baada ya zamu ghalani, na alikuwa mwanafunzi mchanga bado. Burulkan aliwahi kuwa karani wa posta, anajua kupiga chapa. Kila adhuhuri alipanda kilima nyuma ya kambi, mahali simu inaposhika, akasikiliza ujumbe wa sauti wa binti yake, na kuandika mistari ya programu nyuma ya boksi la chai, kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Kila ujumbe ulianza kama mazungumzo yao ya zamani, Begaiym alipokuwa mdogo.

"Kitendawili!"

"Tega," mama alijibu peke yake kilimani, akijua kwamba sauti yake itafika baadaye.

"Ana jicho, hana kope. Halilali, halilii."

"Kamera, we mtoto. Hicho hata kondoo angetegua. Haya, nipe mistari."

Mwanzoni programu ilikataa katakata. Ilisema kamera haifunguki. Burulkan alichomoa waya akauchomeka, akaizima kompyuta akaiwasha. Baadaye Begaiym alikumbuka kuwa kompyuta ile ilikuwa na kamera yake ndani, iliyokufa tangu enzi za baba, na kwamba kompyuta huanza kuhesabu kwenye sifuri. Sifuri yao ilikuwa inaigongea kamera mfu; ile mpya ilikuwa namba moja. Burulkan akafuta sifuri, akaandika moja.

Birika lake likatokea kwenye kioo cha kompyuta, na mvuke wake.

"Nilipiga kelele," anasema. "Nikageuka nimwonyeshe mtu. Alikuwepo mbwa. Nikamwonyesha mbwa."

Siku hiyohiyo aliipeleka kamera zizini, akaifunga boritini kwa makini, akarudi chumbani kukaa mbele ya kompyuta. Picha ikaja. Ilikuwa nyeusi, yenye madoa meupe yaliyofifia.

Akapanda kilima kumweleza binti. "Ni giza, mama," Begaiym akajibu. "Kamera ikikosa mwanga hutoa chembechembe. Weka taa."

Aliweka taa. Madoa yakang'aa zaidi, na weusi ukabaki palepale. Wakaongeza mstari wa kuzidisha mwanga. Wakaongeza mstari wa kuisubiri kamera ipate joto kabla ya kupiga picha. Burulkan alipanda na kushuka, akasahihisha nukta, akasahihisha nafasi kati ya maneno. Kioo kilimrudishia usiku wenye nyota chache.

Turat akapita na farasi wake kukagua wanyama.

"Dada Burulkan, nasikia kondoo wako wanaigiza filamu siku hizi."

"Wanaigiza. Wewe utacheza mwizi."

"Basi nionyeshe." Akainama kwenye kioo, akacheka hadi kofia yake ndefu ikalegea. "Hii filamu ya usiku bila mwezi. Dada, lori langu litapanda huku wiki ijayo. Nikae nalo mbali au nije nalo?"

Burulkan alichukua birika. Alimmiminia chai, akamkatia mkate, akamsindikiza hadi getini kama mgeni yeyote.

Kesho yake Begaiym alituma ujumbe bila kitendawili. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mama, sijui tena. Mimi si fundi, nabahatisha tu. Nitumie hiyo picha yenyewe, hata ikichukua siku nzima kufika. Ikishindikana, mwambie Turat aje."

Picha ilikuwa nzito kwa mtandao wa kilima. Burulkan alikaa juu ya jiwe, simu ameiinua kama anayemwombea mtu, hadi jua likafika kwenye vilele. Picha ikaondoka. Akasubiri. Jibu likaja la sauti.

"Mama," Begaiym akasema. "Hiyo si giza. Hiyo ni shanga ya beshiki yangu."

Burulkan alisikiliza mara ya pili.

"Ina madoa matano, moja limemeguka pembeni. Nililitazama hilo doa hadi nikafundishwa kutembea. Mama, umeitundika wapi?"

Aliitundika kwenye kamera. Kitu kipya kinapoingia nyumbani, hufungwa shanga nyeusi ya kuzuia kijicho: ndama, baiskeli, bibi harusi, susu ya mtoto wanayoiita beshiki. Alipoipandisha kamera zizini, mkono wake ulichukua shanga msumarini na kuifunga, bila hata kumuuliza mwenyewe. Shanga ikaning'inia mbele ya jicho la kamera, kubwa kama zabibu.

"Niliiona kila siku," anasema, na hata sasa anafunika mdomo kwa aibu. "Lakini shanga si kitu unachokiona. Nani anaona pua yake?"

Alishuka kilima mbio, akapanda juu ya ndoo, akaisogeza shanga kando. Alipofika chumbani, kondoo wote walikuwa kwenye kioo, migongo imebanana, na yule wa kukohoa mbele kabisa.

Turat alikuja na lori tupu, akarudi nalo tupu. "Haya, filamu imepata mwezi," alisema, na safari hii akaomba chai mwenyewe.

Tangu kondoo waanze kuzaa, kompyuta imemwamsha kwa uzazi mara kumi na moja, na wanakondoo kumi na mmoja wako hai. Mara nyingine humwamsha kwa sababu ya panya. Hailalamikii.

Matumaini yake ni kwamba Begaiym atapata likizo kiangazi, waende pamoja malishoni juu, na huko amfundishe mama mstari wa kupunguza uzito wa picha ili isafiri upesi. Kwa sasa anaibeba nzitonzito kila siku hadi kilimani. Begaiym ameomba jambo moja: shanga isitolewe kabisa, ibaki kwenye kona ionekane kidogo.

Tena hataki picha ya kondoo tu, anataka na mama awemo. Kwa hiyo kila asubuhi Burulkan hubeba bakuli lake la chai hadi zizini, akaketi juu ya ndoo chini ya taa, akaweka sawa kitambaa chake. Huko chumbani, ambako hakuna mtu, kompyuta inapiga picha. Yeye hubana pumzi kidogo, anatazama juu, na kusema, "Tega."