Kichwa cha Kinyozi wa Tanta

Treni ilinishusha Tanta saa tano asubuhi nikiwa na ndevu za siku tatu. Kairo nilikuwa nimekaa miaka mingi, lakini mji huu sikuujua hata mtaa mmoja, nikaona nianzie kwa kinyozi. Huko ndiko habari za mji zinakopatikana bila kuulizwa.

Kinyozi niliyemwangukia, Usta Shauki, yaani Fundi Shauki, hakunipa hata habari moja. Alininyoa kimya kwa wembe mwepesi, nywele zake mwenyewe zimelazwa kwa mafuta, zinang'aa kama viatu vya gwaride. Alipomaliza akanipangusa shingo. "Naiman," akasema, neno ambalo vinyozi wa Misri hulitumia kumwombea mteja neema. Nikamwuliza bei. "Naiman." Nikamwuliza njia ya kwenda sokoni. "Naiman," akajibu, akainamisha macho.

"Hana lingine," alisema mkewe, Inshirah, aliyekuwa akikunja taulo mlangoni. "Alipigwa na kiharusi, miezi minane sasa. Kimemchukulia maneno yote, kikamwachia hilo tu. Na baada ya wiki sita tunamwoza binti yetu, Rabab."

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo hilo. Baba wa bibi harusi hushikana mkono na mkwewe, mikono ikafunikwa kitambaa cheupe, naye hurudia maneno ya ndoa nyuma ya mfungishaji, watu wote wakisikiliza. Asiyeweza humpa ndugu uwakili. Na kaka yake Usta, Hagi Bayumi, mwalimu mstaafu wa sarufi, alikuwa ameshaipeleka suti kwa dobi.

Nilikusudia kulala siku mbili. Nikakaa wiki sita nione mwisho wake, na asubuhi nyingi nilifuatana na Usta na mkewe hadi kwa Daktari Nermin wa tiba ya usemi, ghorofa ya pili juu ya duka la halua.

Nermin alikuwa na kisanduku kidogo cha betri, nyaya mbili, na sifongo mbili alizolowesha maji ya chumvi. Alimfunga Usta sifongo hizo kichwani kwa mkanda wa mpira.

"Ni umeme mdogo sana, Usta. Utahisi kama sisimizi wanatembea. Lakini usije ukasema sikukwambia: umeme hausemi badala ya mtu. Unaupasha ubongo moto tu, kazi ya kusema ni yako."

Akabonyeza. Kisanduku kikalia, kikajizima. Akalowesha sifongo upya. Kikalia tena. Siku ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Nermin akabadilisha nyaya, akabadilisha betri, na mwisho akapitisha kidole kichwani kwa mgonjwa wake, akakinusa.

"Hiki ni nini?"

"Mafuta ya yasmini," Inshirah akajibu kwa fahari. "Anaamka alfajiri kuyapaka. Aje kwa daktari kama mtu aliyepigana na paka?"

"Mama yangu wee! Kichwa hiki kinatosha kukaangia bajia za taamia! Maji ya chumvi yatashika wapi? Aoshe kwa sabuni, asipake hata tone."

Usta akakataa. Akazionyesha nywele zake, akaonyesha kule lilipo duka, akageuza kiganja juu chini. Tukamwelewa: kinyozi mwenye nywele timtim afunge duka. Kesho yake alikuja amepaka kidogo tu, kwa kuibia. Kisanduku kikamsema.

Jioni Rabab akaja dukani moja kwa moja kutoka kazini kwake, kwenye duka la miwani.

"Baba, mimi sitaki kuozwa na ami Bayumi. Atawasomesha watu sarufi mpaka Isha. Chagua: nywele au mimi?"

Usta alimtazama kwenye kioo. Kisha akaichukua mashine ya kunyolea na kuipitisha katikati ya kichwa chake, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, pasiwe na njia ya kurudi nyuma. Inshirah akapiga kigelegele. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo kisanduku kilinyamaza. Dakika ishirini za sisimizi, na wakati huohuo picha mezani za kutaja majina. Wiki ya kwanza punda alikuwa naiman, na daktari naiman. Wiki ya pili Usta alikunja uso, akatoa jasho, akasema, "Mkate." Inshirah alishuka ngazi mbio akawanunulia mikate watu wa kliniki nzima. Baadaye wakaanza maneno ya ndoa, kipande kwa kipande, kama mtu anayeshona gunia.

Siku yenyewe, msikitini, Hagi Bayumi alikaa bega kwa bega na mdogo wake, kitambulisho chake kikiwa tayari mfukoni kwa ajili ya uwakili. Kitambaa kikafunika mikono. Mfungishaji akaanza.

"Nimekuoza," akafuatisha Usta. "Binti yangu. Rabab. Kwa..."

Akakwama. Midomo ilitembea bila sauti. Bayumi akasogea, akaingiza mkono mfukoni.

"Ngoja!" Usta akafoka.

Neno hilo hakuna aliyemfundisha. Nermin, aliyekuwa upande wa wanawake, alicheka kwa sauti ndani ya msikiti, akajiziba mdomo. Usta akavuta pumzi. "Kwa mahari... tuliyokubaliana."

Vigelegele vikapasuka. Bayumi akaufuta uso kwa leso. "Vituo vyake vibovu," akasema, kisha akamkumbatia mdogo wake mpaka tarbushi ikamdondoka.

Magari yalikuwa yakingoja kuwapeleka mji wa Mahalla kwa wakwe. Usta aliketi mbele, akamgeukia dereva, akamkagua kisogo kwa muda mrefu.

"Nani... kakunyoa?"

"Kuna mtu wa mtaani kwetu, Usta."

"Mshitaki."

Gari likaondoka likipiga honi. Nilibaki kando ya barabara na Nermin, tukiuona mkono wa Usta ukitoka dirishani, ukimweleza dereva jambo refu.